Hadasa ni mti, na Esta hana kosa

Shangazi yangu anaitwa Esta na ana miaka 72. Hivi karibuni alinipigia simu kuuliza kama ni kweli jina lake ni la jini. Mjukuu wake alikuwa amemtumia video kwa WhatsApp, mhubiri mmoja akifundisha kwamba jina Esta limetoka kwa Ishtari, mungu mke wa Babeli, kwamba jina halisi la malkia yule wa Biblia ni Hadassah, na kwamba kila aliyebatizwa Esta amefungwa kwenye madhabahu ya kigeni bila kujijua. Shangazi hakuwa na hofu. Alikuwa na hasira. Jina alipewa na marehemu baba yake, mwalimu wa dini, ambaye alilitoa kwenye Biblia ile ile anayoishika mhubiri.

Video za namna hiyo zimezagaa, na zimekuja sambamba na jambo ambalo yeyote anayekaa karibu na makanisa ya mjini amelishuhudia. Wasichana wanaowekwa wakfu siku hizi hawaitwi tena Esta, Ester wala Esteria. Wanaitwa Hadassah, kwa s mbili na h ya mwisho. Wengi huchukulia kwamba ni fasheni tu, kama vile zamani kila mtaa ulivyokuwa na akina Happiness na Neema. Mimi naona kuna zaidi ya fasheni. Kuna hoja ndani yake: kwamba majina yana asili safi na asili chafu, na kwamba Kiebrania ni dawa ya uchafu. Sina ugomvi na jina Hadasa, ni zuri na linatamkika. Ugomvi wangu ni na sababu inayotolewa. Hadasa ni jina la mti, basi. Esta ni jina la mwanamke yule yule. Na anayeyagombanisha majina haya mawili anakipasua kitabu yalimotoka, jambo ambalo Wayahudi, wenye kitabu hicho, hawakulifanya hata siku moja.

Tuanze na mti wenyewe, maana ndiko kwenye utamu. Kwa Kiebrania unaitwa hadas, ni mti mfupi wa kichaka unaoota kando ya Bahari ya Kati, katika mabonde na vilima vya Galilaya na Karmeli. Haupukutishi majani mwaka mzima. Majani yake ni madogo, magumu, yanang'aa, maua yake ni meupe. Ukipita karibu nao husikii chochote. Ukilifikicha jani kati ya vidole, harufu inakaa mkononi. Liongezee neno hilo mwisho wa kike na unapata Hadasa. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekutana na mti huu mara kadhaa pengine bila kutia maanani, maana wafasiri wa Union Version waliuita mhadasi. Uko Isaya 41, miongoni mwa miti ambayo Mungu anaahidi kuipanda jangwani. Uko Isaya 55, unamea mahali palipokuwa na mibigili. Uko Nehemia 8, watu wanapotumwa mlimani kukata matawi ya kujengea vibanda. Na uko Zekaria 1, ambapo nabii anaona usiku mtu aliyepanda farasi mwekundu, amesimama katikati ya mihadasi bondeni. Waarabu wa Yemen nao huuita hadas. Mzazi anayehangaika usiku kucha kwenye orodha za majina za mtandaoni alikuwa na jina hilo kabatini, ndani ya Biblia ya bibi yake, likiwa na m mbele.

Na sisi watu wa Kiswahili hatukosi mahali pa kuliweka. Pwani hii imejaa wanawake walioitwa kwa mimea: Zaituni, Yasmini, Rehani. Rehani ndiye jirani wa karibu kabisa wa Hadasa, kwa sababu neno lile la Kiarabu, rayhan, hapa kwetu ni mrehani wa kusuka kikuba, lakini kwa Waarabu wa Maghreb ni huo huo mhadasi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Bi Zaituni ana upako wa mafuta kwa sababu ya jina lake, au kwamba Bi Yasmini amepangiwa kuwa malkia. Waliitwa hivyo kwa kuwa mti ni mzuri, au unanukia, au bibi yao aliitwa hivyo. Hadasa anastahili kukaa kwenye mkeka huo huo.

Majina ya wanawake wa Biblia ya Kiebrania kwa sehemu kubwa ndivyo yalivyo: ya bustanini na ya zizini. Debora ni nyuki. Raheli ni kondoo jike. Tamari ni mtende. Sipora ni ndege. Yaeli ni mbuzi wa milimani. Hulda, nabii aliyeombwa ushauri na watu wa mfalme Yosia, ni mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Wazee wa Talmud (mkusanyo wa mijadala ya marabi, walimu wa Kiyahudi wa kale), ambao hawakuwa watu wa kukwepa mzaha, waliwahi kusema kwamba manabii wale wawili, Debora na Hulda, walikuwa na majina mabaya, mmoja nyigu na mwingine kicheche. Lakini hakuna aliyedai kwamba unabii wa Hulda ulipungua nguvu kwa sababu hiyo.

Mti ukishapewa nafasi katika ibada, hata hivyo, hujikusanyia maana, na hapa Hadasa ametajirika. Katika Sikukuu ya Vibanda Myahudi hushika vitu vinne kwa pamoja: tunda la etrogi la jamii ya limau, kuti changa la mtende, matawi mawili ya mti wa kando ya mito, na matawi matatu ya hadas. Hadas inayotafutwa ni ile ambayo majani yake yanatoka matatumatatu kwenye kikonyo kimoja, na watu huinama sokoni wakikagua tawi baada ya tawi. Midrash moja ya kale, yaani ufafanuzi wa marabi juu ya maandiko, inaeleza kwamba etrogi ina ladha na harufu, mtende una ladha bila harufu, hadas ina harufu bila ladha, na ule wa mtoni hauna chochote. Ladha ni elimu ya Torati, harufu ni matendo mema. Kwa hiyo hadas ni mtu mwenye matendo mema ambaye hakusoma. Sijaona orodha hata moja ya majina inayowaambia wazazi kwamba wamemwita binti yao "mwema asiye na elimu", ingawa hiyo ndiyo maana yenye mizizi ya kale kuliko zote wanazouziwa. Talmud inasimulia pia juu ya Rabi Yehuda bin Ilai, aliyekuwa akichukua tawi la hadas na kucheza mbele ya bibi harusi akimsifu, na juu ya mzee mmoja aliyeonekana akikimbia jioni ya Ijumaa na mafungu mawili ya hadas, kuilaki Sabato. Arusi, sikukuu, harufu ya nyumba iliyofagiliwa. Huo ndio ulimwengu wa neno hili.

Sasa kitabuni. Hadasa anatajwa mara moja tu katika Biblia nzima, Esta 2:7, ambapo tunaambiwa kwamba Mordekai alikuwa akimlea Hadasa, yaani Esta, yatima asiye na baba wala mama. (Wengi husema Mordekai alikuwa mjomba wake. Kiebrania kinasema alikuwa binti wa ndugu ya baba yake Mordekai, maana yake ni binamu, tena wa upande wa kuumeni.) Baada ya mstari huo jina Hadasa halirudi tena. Esta linaonekana zaidi ya mara 50. Na angalia lilipokaa neno hilo "yaani". Limekuja katika mstari wa 7, naye anachukuliwa kupelekwa nyumba ya mfalme Ahasuero katika mstari wa 8. Wahubiri wengi husimulia kana kwamba ikulu ya Uajemi ilimvua jina la Kiyahudi ikamvika la kipagani. Andiko halisemi hivyo. Kitabu cha Danieli kinasema hivyo waziwazi kuhusu Danieli na wenzake watatu: mkuu wa matowashi aliwapa majina mengine. Mwandishi wa Esta angeweza kuandika sentensi kama hiyo, wala hakuiandika. Kwa kadiri maandiko yanavyokwenda, msichana aliingia ikulu akiwa tayari ni Esta, na mwishoni kabisa, sura ya 9, barua ya kuithibitisha Purimu, sikukuu ya Wayahudi ya kukumbuka kuokolewa kwao, inatoka kwa "malkia Esta, binti Abihaili". Amelitia jina la baba yake. Hadasa hakulitia.

Je, Esta maana yake nini? Hapa pana majibu mawili yanayoshindana, na mhubiri wa video amechagua moja na kulificha la pili. La kwanza ni hilo la Ishtari. La pili ni neno la Kiajemi la nyota, ambalo Waajemi hadi leo hutamka setare, na kwa binti anayeishi Shushani chini ya mfalme wa Uajemi, jibu hilo halina ajabu yoyote. Mimi naliona la pili kuwa rahisi zaidi, lakini sitajifanya kwamba la kwanza ni upuuzi. Wataalamu wa heshima wamelitetea, hasa kwa sababu ya jina la Mordekai, nitakalolirudia. Zaidi ya hayo kuna jibu la marabi, ambalo si la asili ya neno bali ni la kucheza na sauti yake. Katika Kumbukumbu la Torati 31:18 Mungu anasema ataficha uso wake, na kwa Kiebrania kitenzi hicho, astir, kinasikika karibu sana na Ester. Talmud inauliza Esta yuko wapi ndani ya Torati, na inajibu: katika neno hilo la kuficha. Mtu aliyekisoma kitabu anajua kwa nini mchezo huo wa sauti ulikaa. Esta alificha kabila lake kwa agizo la Mordekai. Na Mungu hatajwi kwa jina popote katika maandishi ya Kiebrania ya kitabu hiki, jambo ambalo halina mfano wa kawaida katika Biblia.

Ukurasa mmoja wa Talmud, Megila 13a, unafaa kusomwa na kila anayefungua mdomo kuhusu suala hili, kwa sababu swali la "jina halisi" liliulizwa pale kale mno, na wazee hawakuafikiana. Rabi Meiri alisema jina lake lilikuwa Esta, na Hadasa aliitwa kwa sababu wenye haki hufananishwa na mihadasi, akitoa ushahidi ile mihadasi ya Zekaria. Rabi Yehuda alisema kinyume: jina lake Hadasa, Esta aliitwa kwa kuwa alificha mambo yake. Rabi Nehemia alikubali kwamba Hadasa ndilo, akaongeza kwamba mataifa ndiyo yaliyomwita Esta, kwa jina la nyota yao ing'aayo. Ben Azai alisema aliitwa Hadasa kwa sababu hakuwa mrefu wala mfupi, wa kimo cha mhadasi. Naye Rabi Yehoshua bin Korha alisema, bila haya, kwamba rangi yake ilikuwa ya kijanikijani kama mhadasi, ila uzi wa neema ulivutwa juu yake. Mjadala ukaishia hapo. Hakuna aliyeshinda, na wala Rabi Nehemia, aliyekubali wazi kwamba Esta ni jina walilolitoa mataifa, hakupendekeza liachwe.

Ukisoma ukurasa huo unaelewa pia orodha za mtandaoni zinavyopikwa. Wanaandika Hadassah: "mwenye haki". Hilo ni fumbo la Rabi Meiri, limegeuzwa tafsiri. Wanaandika "aliyefichwa". Hilo ni la Esta, limehamishwa. Wanaandika "nyota". Hilo nalo ni la Esta, tena ni lile lile la mataifa wanalolikimbia. Wamechukua maana zote za jina wanalolilaani wakazivisha jina wanalolisifu, halafu neno lenyewe, mhadasi, likatupwa kwa kuwa mti wa kichaka hauna mvuto kwenye kadi ya mwaliko.

Upande wa pili una hoja zake, na nzito kabisa ni ile ya nyumbani na ugenini. Mtu akizaliwa katika taifa lililotawaliwa, jina la mtawala si kitu kidogo. Wazee wetu waliambiwa na baadhi ya wamisionari kwamba bila jina la "Kikristo" hakuna ubatizo, wakaacha majina ya babu zao mlangoni, na hadi leo tunao watu wenye jina la shule na jina la nyumbani, ambao mama akiwaita kwa lile la shule wanajua wamekosa. Anayemwona Hadasa kama binti aliyepokonywa jina la nyumbani anasoma kwa moyo huo, na moyo huo naujua. Hata Wayahudi wana usemi unaomuunga mkono. Midrash inasema kwamba Waisraeli walikombolewa Misri kwa mambo manne, la kwanza likiwa kwamba hawakubadili majina yao. Hoja hii siwezi kuifukuza kwa mkono. Ninachoweza kusema ni kwamba inamtaka anayeitumia awe mkweli nayo. Kama shida ni jina la ugenini kulifunika la nyumbani, basi binti wa Kihehe au wa Kiluhya anayebadilishwa kutoka Esta kwenda Hadassah hajarudi nyumbani. Ametoka chumba kimoja cha wageni na kuhamia kingine. Na Talmud hiyo hiyo, katika Gitini 11, inakiri bila kulalamika kwamba Wayahudi wengi wa nje ya nchi yao wana majina kama ya mataifa. Taifa lililoishi ugenini kwa karne nyingi lilijifunza kubeba majina mawili, moja la sinagogi na moja la sokoni, na yule wa kwanza kuonyeshwa akiyabeba hivyo, akiwa mwanamke, ni Hadasa yaani Esta.

Historia ya baadaye inalithibitisha hilo kwa namna inayogusa. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania, na mwaka 1497 wale wa Ureno wakalazimishwa kubatizwa. Waliobaki wakijifanya Wakatoliki huku wakishika Uyahudi kwa siri walimfanya malkia huyu kuwa mlinzi wao, wakamwita Mtakatifu Esta, na mfungo wa Esta, unaotangulia Purimu, ukawa kwao siku kubwa kuliko Wayahudi walio huru walivyouona. Walimpenda kwa lile jina la kuficha. Kuwaambia watu hao kwamba Esta ni jina la aibu na Hadasa ndilo la kweli kungekuwa kuwanyang'anya kitu pekee walichokuwa nacho kitabuni humo.

Hoja ya pili ya upande ule ni kwamba Biblia yenyewe inachukulia majina kwa uzito. Ni kweli. Abigaili anamwambia Daudi kwamba Nabali ni kama jina lake, mpumbavu. Raheli akifa uzazini anamwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu, na Yakobo anakataa, anamwita Benyamini. Na sisi tunao akina Shida, Tabu na Mashaka, na tunajua mjadala unaozuka ukoo unapokaa kulijadili jina la kitoto. Lakini katika visa hivyo vya Biblia msimulizi anakwambia mwenyewe kwamba jina linasema jambo. Kwa Hadasa hasemi. Hakuna neno "akamwita Hadasa, kwa maana". Anayeujaza ukimya huo kwa unabii anaujaza kwa mali yake mwenyewe.

Sasa hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosambaa: kwamba neno lililowahi kugusa jina la mungu wa kigeni linamchafua anayeitwa nalo. Tuseme kwa ajili ya mjadala kwamba Esta ni Ishtari kweli. Basi Mordekai naye hana pa kukimbilia, kwa sababu jina lake limetoka kwa Marduki, mungu mkuu wa Babeli, na hilo halina utata kama la Esta. Mabamba ya udongo ya Persepolis, mji wa kale wa Uajemi, yana watu walioitwa Marduka. Zerubabeli, aliyesimamia kuwekwa kwa msingi wa Hekalu la pili, ana jina linalomaanisha mbegu ya Babeli. Miezi ya kalenda ya Kiyahudi yenyewe ilitoka Babeli, mmoja ukiitwa Tamuzi, mungu ambaye Ezekieli aliwaona wanawake wakimlilia. Na tusiende mbali hivyo. Ingia kanisa lolote kutoka Kisumu hadi Mbeya uite Shadraki, Meshaki na Abednego, utaona wanaume wangapi watageuka. Hayo ndiyo majina ambayo towashi wa Babeli aliwapa vijana wale. Majina yao ya nyumbani yalikuwa Hanania, Mishaeli na Azaria. Abednego huelezwa na wengi kuwa ni mtumwa wa Nebo, mungu mwingine wa Babeli. Sijapata kuona video inayomtaka mzee Abednego wa baraza la kanisa aende kufunguliwa. Wakatoliki nao wana watakatifu Isidori, zawadi ya Isis; Denis, mtu wa Dioniso; na Martini, wa Marsi mungu wa vita. Kwa nini basi kesi ni ya Esta peke yake? Nadhani ni kwa sababu Esta ni mwanamke na Ishtari alikuwa mungu wa mapenzi, na hofu ya siku zote ya mwanamke mzuri imepata kamusi ya kujifichia. Hilo ni dhana yangu, msomaji anaweza kulipima.

Kuna na kichekesho. Mwishoni mwa karne ya 19 wako wataalamu wa lugha za Babeli waliopendekeza kwamba hata Hadasa huenda ina uhusiano na neno la Kiakadi hadashatu, bibi harusi, wakalihusisha na huyo huyo Ishtari. Mimi siukubali uhusiano huo. Mhadasi unatosha kabisa kueleza jina, na Yemen inashuhudia. Lakini anayefuata kanuni ya video, kwamba kufanana kwa sauti ni ushahidi wa madhabahu, hana njia ya kuukataa. Akimkimbia Esta kwa Ishtari, anamkuta Ishtari mlangoni kwa Hadasa, amekaa anamsubiri.

Tukiacha watu wa video, Wayahudi wa leo wanafanya nini na majina haya? Wanayatumia yote. Kitabu kinaitwa gombo la Esta na husomwa kwa sauti usiku na asubuhi ya Purimu, tarehe 14 ya mwezi Adari. Watoto huvaa vinyago na mavazi ya kujibadili, na jina la Hamani, adui wa Wayahudi kitabuni humo, likitajwa ukumbi mzima hupiga kelele kulifuta. Ester ni jina la bibi na la mjukuu. Huko Hamadani, Iran, kuna kaburi ambalo Wayahudi wa Uajemi wamelizuru kwa vizazi, nalo linaitwa kaburi la Esta na Mordekai. Hadasa huwapata zaidi wasichana wa familia za kidini, Wayahudi wa Ulaya Mashariki walilitamka Hodes, na Waisraeli wengi wamelifupisha kuwa Hadas, jina la mti bila mkia. Na ukilitamka Hadassah Yerusalemu bila kueleza, kuna uwezekano mkubwa mtu atakuelekeza hospitali. Mwaka 1912 Henrietta Szold na wenzake walianzisha New York chama cha wanawake wa Kizayuni, na kwa kuwa ilikuwa majira ya Purimu wakachukua jina hilo. Mwaka uliofuata walipeleka wauguzi wawili Yerusalemu. Hospitali yao ya Mlima Skopus ilifunguliwa 1939, ya Ein Kerem 1961. Kwa masikio ya mji ule ni kama mtu wa Dar es Salaam kumwita binti yake Muhimbili. Karibu na kwetu, Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, Abayudaya, waliotokana na uongofu wa Semei Kakungulu mwaka 1919, wana shule ya msingi inayoitwa Hadassah. Hao wana sababu ya kulitumia: wanasherehekea Purimu, na kwenye Vibanda wanalishika tawi lenyewe.

Yote haya yasingekuwa na uzito kama yangeishia kwenye vyeti vya watoto wachanga. Mzazi ana haki ya kumwita mwanawe atakavyo, na Hadasa atakua vizuri tu. Shida ni mtu mzima. Msichana aliyefanya mtihani wa kidato cha nne akiwa Esther, akaitwa mbele na kuambiwa kwamba jina lake ni mnyororo, akaenda kwa wakili kuandikisha hati ya kubadili jina, ataanza safari ya miaka ya kueleza kwa nini cheti kinasema hivi na kitambulisho kinasema vile. Atailipia kwa fedha na muda, kwa sababu ya neno la Kiajemi la nyota. Na utakaso wa namna hiyo hauna kituo. Leo ni Esta, kesho atafika mtu na kugundua Januari ni ya mungu Janus, na shajara zote zitatakiwa motoni. Zaidi ya hapo, kizazi kizima kinafundishwa kusoma Biblia kama kitabu cha maneno ya siri, ambapo maana ya jina inatafutwa Babeli na haitafutwi katika sura kumi za hadithi zilizoko mbele ya macho. Katika sura hizo, Mordekai anapomtumia ujumbe kwamba huenda ameufikia ufalme kwa ajili ya wakati kama ule, anayejibu kwamba ataingia kwa mfalme kinyume cha sheria, na akiangamia na aangamie, ni Esta. Msimulizi alikuwa na Hadasa mkononi. Angeweza kulirudisha pale, saa ya ushujaa, kama angetaka tuamini kwamba ndilo jina la kweli na lile jingine ni vazi. Hakulirudisha.

Nilimweleza shangazi kwa ufupi, bila marabi wengi. Alisikiliza hadi nikafika kwenye mti, akanikatiza.

"Huo mhadasi unanukia?"

Nikamwambia unanukia, ila mpaka ufikiche jani.

"Kama mchaichai," akasema, kisha akaniuliza kama nimekula.